Mguu Wenye Waya wa Shaba

"Mguu huu tutaukata Alhamisi," daktari alisema, akiwa ameishika picha ya eksirei mbele ya kioo cha dirisha ili jua lipenye.

Nilisogea nikaitazama. Haikuchukua muda. Nikamwambia, "Bwana daktari, hii si picha ya mguu. Hii ni picha ya ukungu."

Hakupenda. Alikuwa Mwingereza mrefu mwenye shingo nyekundu, mpasuaji hodari kweli, lakini mtu wa haraka, na hakuzoea kusahihishwa na mtu mweusi ndani ya hospitali aliyoitawala kama boma la pili. Mimi nami sikurudi Singida ili nipendwe. Nilirudi na diploma. Siku zile, kutoka Manyoni hadi milima ya Iramba, sikumjua mtu mwingine, mweusi wala mweupe, aliyefanya mtihani wa kupiga picha za mifupa akaushinda. Nalisema hili waziwazi, kwa sababu watu wa kwetu wana desturi ya kuficha walichonacho, kama mfugaji anayepeleka nusu ya ng'ombe porini akisikia karani wa kodi anakuja. Mimi sifichi. Nilizaliwa upande wa Ilongero, nikachunga mifugo ya watu kwa kuwa baba hakuwa na ya kutosha, nikafagia wodi, nikaenda vitani kubeba machela, na baada ya vita nikafika Uingereza, nikasoma katika chumba chenye baridi ya kuuma meno. Hakuna mjomba aliyenisukuma.

Basi ile picha. Juu ya goti mfupa ulionekana vizuri kiasi. Chini ya goti, pale palipovimba, weusi na weupe vilichanganyika kama maji ya bwawa yaliyokanyagwa na ng'ombe. Ukingo wa mfupa haukuwa na mstari. Daktari aliona mfupa unaoliwa na saratani, na saratani ya mfupa ikiachwa huua. Kwa hiyo hakuwa mjinga kutaka kukata. Lakini mimi niliona jambo lingine. Niliona mistari minene myeupe, mmoja juu ya mwingine, iliyotupa kivuli mahali ambapo vitu vyenyewe havikuwapo.

"Nipe ruhusa nipige nyingine," nikasema.

"Filamu zimebaki chache. Lori la kutoka stesheni ya Itigi halijulikani litakuja lini."

"Nitatumia moja."

"Moja," akasema. "Na Alhamisi iko palepale."

Mgonjwa alikuwa mwanamke kijana, mama wa watoto wawili. Alilala wodini karibu na mlango, mguu wa kulia juu ya mto, na kutoka kifundoni hadi karibu na goti alivaa waya wa shaba uliozungushwa mzunguko juu ya mzunguko, mnene kama kidole cha mtoto. Mguu wa kushoto ulikuwa na wa kwake vilevile. Enzi hizo wanawake wengi wa kwetu walivaa hivyo, na wazungu walipenda kuwapiga picha za kupeleka kwao. Chini kwenye sakafu alikaa mama mkwe wake, bibi mkavu mwenye macho makali, akitafuna ugoro.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba." Alinitazama viatu, suruali ya kaki, koti jeupe, akarudi tena kwenye viatu. Kisha akaniambia kwa Kinyaturu, "Wewe si yule aliyekuwa akichunga bondeni kwetu, ukalala, mbuzi wakamaliza shamba langu la uwele?"

"Ndiye mimi, mama."

"Na sasa Wazungu wamekupa koti. Hawakuuliza habari za uwele wangu?"

Wagonjwa wa vitanda vya karibu walicheka, hata yule mwanamke mwenyewe alicheka kidogo, kisha akauma mdomo kwa maumivu. Nilimwacha bibi aseme. Mtu aliyefika nilikofika hapungui kwa kukumbushwa mbuzi.

Nilipomuuliza habari ya waya, kicheko kilikatika. Katika ukoo wao mwanamke huvishwa waya ule anapoolewa, na hauvuliwi wala haukatwi ila siku moja tu: siku mumewe akifa. Mume wa huyu aliondoka miaka kadhaa nyuma kwenda mkonge, huko Tanga, akiwa manamba, kibarua wa mkataba. Mwanzoni zilikuja salamu kwa midomo ya watu waliorudi. Baadaye salamu zikakoma. Mdogo wake mume alikuwa ameshaanza kupita pale nyumbani jioni, kuulizia ng'ombe na kuangalia paa kama mtu anayekagua mali yake. Waya ukikatwa, mume amekufa, awe amekufa au hajafa. Mke anarithiwa, ng'ombe wanahama zizi, watoto wanahesabiwa kwa baba mdogo.

"Ukikata mmoja umekata zote mbili," bibi alisema. "Na mwanangu mimi hajafa. Sijaota kifo chake."

Sasa nilielewa pia jinsi ile picha ilivyoharibika. Nikamwita dresa, yaani mfunga vidonda, aliyeipiga kabla yangu, naye ni mtu wa Mandewa, nikamuuliza alifanyaje. Alikwepa kwepa, halafu akasema ukweli. Kugusa waya wa mke wa mtu ni aibu, ni kama kumshika mume wake kifuani. Kwa hiyo hakugusa kitu. Kasha la filamu alilisukuma chini ya godoro, akasimamisha mashine upande wa unyayoni, karibu, akabonyeza swichi huku akitazama pembeni.

"Ungefanya nini wewe?" akaniuliza. "Au huko ulikotoka waya si waya?"

Sikumcheka. Kule nilikosomea walinifundisha mambo mengi kuhusu mifupa, lakini hakuna mwalimu aliyejua kwamba filamu inaweza kuwekwa mbali kwa ajili ya heshima. Makosa yake yalikuwa matatu na yote yalitoka kwenye adabu njema. Filamu ilikuwa mbali na mguu, unene wa godoro zima. Mashine ilikuwa karibu mno. Na haikuelekezwa kwenye uvimbe bali kwenye waya, kutokea chini, hivyo kivuli cha waya kilipanda juu kikalalia mahali penye ugonjwa.

Ilinibidi kuwaeleza hayo wale wanawake wawili, maana bila bibi kazi isingefanyika. Niliwapeleka kwenye chumba cha giza ambamo nasafishia picha, yule mgonjwa kwenye machela, nikawasha koroboi. Nikanyoosha mkono wangu karibu na ukuta.

"Mnaona kivuli?"

"Tunaona."

"Kina vidole vitano vya kuhesabika. Sasa tazama." Nikauondoa mkono ukutani nikausogeza karibu na koroboi. Kivuli kikavimba kikawa kikubwa kama sinia, na kingo zake zikayeyuka.

"Sasa ni mkono wa jini," bibi akasema.

"Ni mkono uleule, mama. Haukuvimba wala haukuoza. Ni kwamba taa iko karibu, na ukuta uko mbali. Mfupa wa mkweo ulipigwa hivi. Mzungu ameona mkono wa jini, anataka kuukata."

Yule mwanamke kwenye machela akanyanyua kichwa. "Kwa hiyo mguu wangu haujaoza?"

"Sijui bado," nikamwambia, kwa sababu sikuwahi kumdanganya mgonjwa. "Lakini hata yeye hajui."

Bibi akatema ugoro kwenye kikopo chake. "Niambie la kufanya. Wewe usimguse. Nitamgusa mimi."

Na hivyo ndivyo tulivyofanya. Mikono ilikuwa ya mama mkwe, akili ilikuwa yangu. Sijapata kusoma njia hiyo katika kitabu chochote, lakini niliitumia miaka yote iliyofuata kwa wanawake wenye waya, na waliokuja nyuma yangu waliikuta ikifanyika wakadhani ni kanuni ya serikali.

Tulingoja asubuhi, homa ikiwa imeshuka, kwa maana mgonjwa anayetetemeka huharibu picha kuliko mashine mbovu. Bibi alilaza mguu moja kwa moja juu ya kasha la filamu, ngozi ikagusa chuma, bila godoro, bila hata shuka. Kisha, kwa maelekezo yangu, akasukuma mizunguko ya juu ya waya kuelekea kifundoni, polepole, kidogo kidogo. Mwanamke alikunja kanga akaiuma. Hakupiga kelele. Nilisimama nimetazama ukuta mpaka bibi aliposema, "Tayari." Ilipatikana nafasi ya upana wa vidole viwili. Ilinitosha.

Nilitengeneza vifuko vya mchanga wa mtoni, vikawekwa juu ya paja na juu ya unyayo ili mguu usicheze. Nikapandisha kichwa cha mashine juu, mara mbili ya alipokiweka dresa, na kukielekeza wima juu ya uvimbe, sawasawa, nikipima kwa kamba yenye jiwe. Kutoka hapo, kivuli cha waya kilibaki kwenye waya.

Lakini umbali una malipo yake. Mionzi hutawanyika kama mtama unaorushwa kwa kiganja: ukisimama karibu na ungo punje nyingi zinaingia, ukirudi nyuma nyingi zinaanguka pembeni. Ukiongeza umbali mara mbili, filamu hupata robo tu ya ilichopata mwanzo. Mtu asiyesoma angeongeza nguvu ya mionzi, na hapo mionzi ingepenya mfupa na nyama kwa pamoja, picha ikawa ya kijivu tupu. Mimi niliacha nguvu ileile, nikaongeza muda mara nne. Kwa mashine yetu dhaifu huo ulikuwa muda mrefu, na jenereta ilikuwa moja kwa hospitali nzima. Nikaagiza pampu ya maji izimwe.

Daktari alikuja mbio. "Nani amezima pampu?"

"Mimi."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Pampu ikivuta umeme, mionzi yangu inalegea katikati. Unataka maji au unataka picha?"

Akabaki amesimama mlangoni. Nikamvika bibi aproni ya risasi, ile ya kuzuia mionzi, na kumsogeza nyuma.

"Gunia la mawe hili," akanung'unika. "Ndiyo malipo ya uwele wangu?"

"Mama, usimchekeshe mkweo."

Nikamwambia yule mwanamke atazame kamba iliyoning'inia darini, asitazame mguu. Nikabonyeza. Jenereta ikanguruma, mashine ikavuma, na kwa muda wote ule hakutikisika hata ukucha. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso likamwingia machoni, naye hakupepesa.

Picha ile nilipoitoa kwenye dawa, bado ikidondoka maji, nilijua nimefanya kazi. Sijaona nyingine kama ile, na nimepiga maelfu. Mfupa ulionekana mpaka nyuzi zake za ndani. Ukingo wake ulikuwa mstari mmoja safi kama uliochorwa kwa kalamu ya wino. Hapakuwa na saratani. Palikuwa na usaha wa zamani ndani ya mfupa, na katikati ya usaha kipande cha mfupa uliokufa, cheupe, kirefu kama kidole, kimejitenga peke yake, ncha yake ikishuka chini hadi kuingia chini ya waya.

Daktari aliishika dirishani. Alikaa nayo muda mrefu. Alipogeuka hakuniomba radhi, hilo halikuwa katika desturi zake, lakini alisema, "Hatukati. Nitapasua, nitatoa hicho kipande, nitasafisha. Baada ya miezi michache atatembea." Halafu akagusa picha kwa kidole. "Ila lazima nishuke mpaka hapa. Waya utoke."

Nilikwenda kuwaambia mwenyewe. Nilikuwa nimefurahi kama mtoto. Nilieleza habari njema kwanza, na nilipofikia ya waya niliona uso wa mwanamke ukifungwa kama mlango.

"Na wakikata mguu wote?" akauliza. "Wanakata wapi?"

"Juu ya goti."

"Waya unabaki kwenye mguu?"

Nilielewa anakoelekea, na moyo wangu ulikataa kumfuata.

"Unabaki, haukatwi," nikasema.

"Na ule wa kushoto unabaki kwangu."

"Dada yangu, sikiliza. Mguu wako ni mzima. Nimeuona kwa macho yangu. Kuna kipande kidogo tu—"

"Kipande kidogo ni chako," akasema. "Wewe unaona mfupa. Mimi namwona shemeji yangu amekaa mlangoni. Anangoja mlio wa koleo, basi."

Kwa siku zilizofuata tulimsihi. Daktari alikataa katakata kuukata mguu unaoweza kupona. Alisema yeye si mchinjaji. Alimchoma sindano za penisilini, lakini dawa inafuata damu, na kipande kilichokufa hakina damu. Homa ikarudi. Uvimbe ukaupita mzunguko wa juu wa waya, nyama ikaanza kufura pande zote mbili, na harufu ikawa ile ambayo wagonjwa wa vitanda vya jirani huomba wahamishwe. Alhamisi ilikuja ikapita.

Asubuhi moja bibi alikuja kwenye mlango wa chumba changu. Hakutania. Alisema, "Mwanangu, njoo unisikilize mbele yake." Tukaenda. Akapiga magoti kando ya kitanda, yeye mama mkwe, mbele ya mkwe wake, jambo ambalo sijapata kuliona tena.

"Ukatwe waya," akasema. "Mimi niliyemzaa nasema amekufa. Dhambi iwe yangu."

Yule mwanamke alikuwa amekonda, midomo imepasuka kwa homa. Akamshika bibi mkono. "Wewe ni mama yake," akasema. "Mimi ni mke wake. Tutangaze msiba bila maiti? Akirudi kesho nimwambie nini, kwamba nilimzika ili nitembee?"

"Hatarudi!" bibi akalia. "Naapa kwa ng'ombe wangu wote, najua hatarudi!"

"Hukuota."

Bibi alilaza uso kwenye ukingo wa kitanda akalia bila sauti, na dresa yule wa Mandewa, aliyekuwa akibadilisha bandeji upande wa pili, akaacha kazi akatoka nje.

Jioni ile daktari aliniita. Picha yangu ilikuwa bado imebandikwa dirishani kwake. "Nikingoja hadi keshokutwa atakufa na sumu ya damu," akasema. "Nikimfunga kwa nguvu nikakata waya, ataondoka hapa akatambae porini. Wewe ni mtu wa kwao. Sema."

Nilimwambia akate mguu. Nilimwambia hivyo nikiwa nimeikabili picha, na kila kilichomo ndani ya picha kilikuwa kinanikanusha. Nimeulizwa na vijana wangu niliowafundisha, picha nzuri ina faida gani kama mwisho ni uleule. Nawajibu kwamba mwisho haukuwa uleule. Kwa picha ya kwanza, angekatwa mguu na watu wasiojua wanakata nini. Kwa picha yangu, yeye mwenyewe alijua anatoa nini, na akatoa. Ningeipiga hivyohivyo leo.

Walimkata asubuhi. Mimi nilishika taa. Mguu ulipotoka ulikuwa mzito kupita kiasi kwa sababu ya shaba, na mhudumu aliyeupokea nusura auangushe. Daktari alitaka upelekwe kwenye shimo la hospitali. Bibi alikuwa amesimama mlangoni na kaniki mpya mikononi.

"Huo ni wa nyumbani," akasema.

Daktari akanitazama. Nikamwambia, "Mpe." Akampa. Bibi aliufunga kama mtu anayefunga mtoto, akajitwika kichwani, akaenda zake kwa miguu, peke yake, kwenye barabara ya Ilongero, na watu waliokutana naye wakadhani amebeba kuni.

Kidonda kilifunga vizuri. Siku ya kuruhusiwa, aliyekuja kumchukua alikuwa shemeji yake, na mkokoteni wa punda. Alikuwa kijana mwenye sura nzuri, kofia mpya, na aliniamkia kwa heshima. Hakumtazama yule mwanamke usoni kwanza. Alitazama chini, kwenye mguu uliobaki, ambao ulikuwa umefunikwa.

Yule mwanamke akaliona jicho lake. Akiwa ameegemea magongo niliyomchongea mimi, aliinua kanga kwa mkono mmoja mpaka chini ya goti. Waya ulikuwa mzima, umesuguliwa kwa majivu, unang'aa mzunguko hadi mzunguko.

"Umeona?" akamwuliza.

Kijana alivua kofia, akaivaa tena. "Nimeona, shemeji."

"Basi nipandishe."